Makosa Manane ya Profesa Burulcha

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku mbaya. Theluji ya kwanza imeonekana milimani, ofisi hazijawashiwa joto, na Mkurugenzi katuita mimi na Burulcha chumbani kwake. Mkurugenzi Kubanych ana miaka arobaini na minne. Nilimfundisha mimi. Alikuwa hawezi kumdunga chura sindano bila kufumba macho. Leo anaongoza Taasisi nzima ya utafiti wa ubongo!

Kasema Taasisi inatafuta mahali pa kuweka kompyuta mpya. Kompyuta kubwa. Haipendi joto, haipendi vumbi, haipendi watu. Sisi maprofesa wawili wazee kila mmoja ana chumba chake, mimi Namba Tisa, Burulcha Namba Kumi na Moja, mlango kwa mlango. Mmoja atoke. Nani? Yule ambaye makala zake zitakuwa zimenukuliwa na wataalamu wengine mara chache zaidi kufikia tarehe 25. Mtandao unahesabu wenyewe. Kujinukuu hakuhesabiwi. Aliposema hilo la kujinukuu alinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Hesabu ya leo: Burulcha mia mbili na kumi na mbili. Mimi mia mbili na tisa.

Tatu! Nifukuzwe chumbani mwangu kwa sababu ya watu watatu waliosahau kunitaja!

Burulcha alicheka tu. Kasema chumba changu kinanuka marmoti, wanyama ninaowachunguza, tangu enzi za Usovieti. Nikamjibu kwamba chake kinanuka kiburi. Mkurugenzi akatusihi: "Mwalimu wangu, dada yangu mkubwa, jamani, msianze tena." Hatukuanza. Hatujawahi kumaliza.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikufanya kazi. Nilikaa Namba Tisa nikiwa na koti na kofia yangu, nikautazama ukuta.

Vijana hawajui. Zamani hakukuwa na hesabu. Ulichapisha makala, ukanyamaza, ukasubiri. Miezi inapita, umeshakata tamaa, mara siku moja inakuja postikadi. Praha. Havana. Osaka. Mtu usiyemjua anakuomba kwa adabu umpelekee nakala ya makala yako kuhusu ubongo wa marmoti, yule panya mnene wa milimani, anavyoamka baada ya kulala majira yote ya baridi. Basi ulijua. Huko mbali kuna mtu mmoja amekusoma. Mmoja tu alitosha kukufanya utembee mjini kama bwana harusi.

Marehemu mke wangu Saikal ndiye aliyezibandika kadi zote ukutani. Ndiye pia aliyelamba stempu za majibu. Alikuwa akisema ameilamba dunia nzima na haina chumvi.

Aprili ya 1984 tulikuwa bondeni Suusamyr, kwenye kibanda, theluji bado imefika dirishani. Mimi, Saikal na Burulcha. Burulcha alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mwembamba, mashavu mekundu, akimshika marmoti kwa mikono mitupu na kumwimbia ili asishtuke. Mashine ya kuchora mawimbi ya ubongo tuliiendesha kwa betri ya lori. Kalamu zake zilivuja wino, tukawa na vidole vya buluu hadi kiangazi. Alfajiri moja marmoti akaanza kuamka mezani. Kalamu zilizokuwa zimelala kimya zikaruka zote kwa pamoja! Tulipiga kelele kama watoto. Saikal alimbusu marmoti. Sijapata furaha kama ile tena, na sidhani nitaipata.

Nimejaribu kubandua kadi ya Praha kwa kucha. Imechanika pembeni. Gundi ya enzi zile haikuwa na mzaha. Nikitoka chumba hiki, kadi hazitoki nami.

Kwa hiyo sitoki. Nahitaji nukuu nne tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mungu ni mkubwa! Nimesikia kwamba Daktari Begaiym, yule binti aliyerudi kutoka kusoma Seoul, anaandika makala ya mapitio juu ya usingizi wa wanyama wa baridi. Makala yenye marejeo mia tatu! Mia tatu! Mtu mwenye nafasi mia tatu hawezi kukosa nne za mzee.

Kumwomba waziwazi ni aibu. Lakini aliyekula nyama yako hakusahau. Nimempigia simu Sharshenbek, kaka yake marehemu Saikal, huko Kochkor. Nimemwambia nimemkumbuka sana na ingekuwa vizuri aje Jumapili. Nikaongeza kwamba kama anakuja, si vibaya akaja na kondoo. Alifurahi hadi akasahau kuuliza sababu. Ana miaka sabini na minane na hakuna anayempigia simu. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Jumapili, 13 Oktoba

Maafa.

Yalianza vizuri. Sharshenbek alifika asubuhi na kondoo wake, mnono, wa kumjivunia. Begaiym alikuja na keki. Wakaja na majirani wachache. Burulcha sikumwalika, lakini anakaa ghorofa ya chini yangu, na harufu ya nyama hupanda na kushuka ngazi bila ruhusa. Alibisha hodi akiwa na bakuli la boorsok, maandazi madogo aliyoyakaanga mwenyewe. Ningefanyaje?

Sasa, kila mfupa wa kondoo una mwenyewe. Jambash, mfupa wa nyonga, ni wa mwanamume mkubwa kuliko wote mezani. Hili hata mtoto anayenyonya analijua. Mimi pia nalijua! Lakini akili yangu ilikuwa kwenye yale marejeo mia tatu. Nikachukua sahani yenye jambash, nikapita mbele ya Sharshenbek, nikaiweka kwa heshima zote mbele ya Begaiym. Miaka thelathini na moja! Mwanamke! Sharshenbek nikamwekea ubavu.

Nilisikia mchuzi unavyopoa.

Begaiym aliiva kama kiazi chekundu. Akaficha mikono chini ya meza kana kwamba mfupa ungemng'ata. Sharshenbek aliutazama ubavu. Ubavu wa kondoo wake mwenyewe, aliyempakia garini kwa mikono yake. Akaikaza kichwani kofia yake ndefu nyeupe ya manyoya ya kondoo, akasimama polepole, akasema: "Shemeji, dada yangu angekuwa hai, leo angekufa."

Hapo Burulcha akainuka. Akaichukua ile sahani, akaiweka mbele ya mzee kwa mikono miwili, akamwambia: "Kaa chini, kaka yetu. Huyu macho yamemwishia kwenye vitabu. Kaona kofia yako nyeupe, kadhani ni mlima, kaupita." Watu wakacheka. Mzee naye mdomo ukamcheza. Akaketi.

Lakini mwisho wa chakula, viganja vilipofunguliwa kwa baraka, Sharshenbek alimbariki Burulcha. Akawabariki majirani. Akabariki sufuria. Mimi akaniruka.

Mlangoni nilimpa Begaiym mfuko wa nyama. Ndani nilikuwa nimetia makala zangu nane, zimefungwa vizuri zisishike mafuta. Alisema "Asante, mwalimu," akashuka ngazi mbili mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Begaiym kaniona kwenye ujia, kaingia msalani. Nimesubiri. Hakutoka. Nimeondoka, nikageuka ghafla, nikamwona anachungulia. Basi. Hapo hakuna nukuu.

Burulcha kaja kunipigia kelele kuhusu Sharshenbek. Kasema nimpigie simu nimwombe radhi, na nisirudie tena maishani kuwapa watu mifupa kwa kujipendekeza. Nimempigia. Nimeapa. Mzee kasema yamekwisha, ila ubavu ule ameuona ndotoni.

Burulcha ananiamrisha mimi! Ndani ya chumba changu! Alipoondoka nikapata wazo. Kama mimi siwezi kupanda, yeye si anaweza kushuka? Nitaandika makala ya kuonyesha makosa yake yote ya miaka yote. Nimo katika kamati ya jarida la Taasisi, toleo jipya linatoka wiki ijayo. Watu wakishajua kazi zake zimeoza, nani atazinukuu tena?

Nashangaa sikufikiria hili mapema. Kondoo wa watu amekufa bure.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemaliza! "Makosa Saba ya Profesa Burulcha." Sijaandika kwa raha hivi tangu ujana. Kila kosa nimelipigilia msumari: makala ipi, mwaka gani, ukurasa gani. Mwishoni nimeweka orodha kamili ya makala zake saba, ili hata aliyeko Osaka aweze kuyatafuta makosa mwenyewe. Haki bin haki.

Nilimwekea nakala mezani ili ashtuke. Nikajibanza mlangoni kutazama. Akavaa miwani, akamimina chai, akawa anasoma huku anamung'unya vidonge vya maziwa makavu. Hakushtuka. Kasema kosa la nne ni la kweli kabisa, na kwa miaka ishirini alikuwa akijiuliza nani atakuwa wa kwanza kuliona. Kasema hakuna aliyewahi kumsoma kwa makini hivi. Kisha akanitazama juu ya miwani: "Lakini ile ya mwaka 1998 umeisahau. Ile ndiyo chafu kuliko zote."

Nimekimbia kuitafuta. Kweli ni chafu! Nimeiongeza. Sasa ni Makosa Manane. Mtu anayenoa kisu atakachochinjiwa mwenyewe, huyo kweli amezeeka.

Jumanne, 22 Oktoba

Jarida limetoka mtandaoni. Nimepita kwenye ujia mara nyingi, mikono nyuma, taratibu. Watu wananisalimu kwa sauti ya chini. Wananiogopa. Mkurugenzi kanishika bega, kaniuliza kama nalala vizuri.

Usiku niliwaza kidogo. Burulcha akitoka Namba Kumi na Moja, atapeleka wapi vitu vyake? Nikajijibu kwamba si kazi yangu. Nikageukia upande wa pili.

Ijumaa, 25 Oktoba

Naandika haya na koti bado mwilini.

Tuliitwa saa nne. Mkurugenzi akafungua kompyuta. Akaanza na mimi. Mia mbili na kumi na tatu!

Nne zimeongezeka! Makala ya Begaiym imetoka juzi, na ndani yake nimo, mara nne! Begaiym mwenyewe alikuwapo, kaja na karatasi za kutiwa saini. Kasema, huku ameinamisha kichwa, kwamba jina langu lilikuwamo tangu Julai, maana huwezi kuandika juu ya marmoti anayeamka bila kunitaja. Kasema baada ya ile jambash karibu anifute, watu wasije wakasema amenunuliwa kwa mfupa. Alikosa usingizi siku mbili. Kisha akaliacha jina langu, kwa ajili ya sayansi.

Nilisimama. Mia mbili na kumi na tatu inaipita mia mbili na kumi na mbili, hilo nililihesabu upesi. Nikampa Burulcha mkono kwa ukarimu. Nikaanza kumwambia asijali, maisha ni kupanda na kushuka.

Mkurugenzi akakohoa. Burulcha, mia mbili na ishirini.

Nikapiga kelele kwamba ni wizi. Zimetoka wapi nane? Nani kamnukuu mara nane ndani ya wiki moja? Mkurugenzi alitazama dari. Begaiym alitazama viatu. Burulcha tu ndiye aliyenitazama mimi, kwa upole, jinsi alivyokuwa akimtazama marmoti.

Mtandao ule hauna akili! Hautofautishi sifa na matusi. Ukimtaja mtu umemtaja. Nimejipalia makaa, tena nimeyapuliza mwenyewe. Ningenyamaza tu! Ningelala kama marmoti wa Oktoba, ningeamka mshindi.

Nimepewa hadi Jumatatu kutoa vitu. Nimepita Namba Tisa, nimezima taa, nimeondoka. Kadi sikuzitazama. Nisingeweza.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilifika asubuhi na maboksi mawili. Mlango wa Namba Tisa uko wazi. Ndani hakuna kitu. Meza hakuna. Pazia alilolishona Saikal hakuna. Ukuta mtupu, una mabaka ya miraba kila zilipokuwa kadi.

Wamezikwangua. Hilo ndilo nililofikiri. Wamezikwangua na kuzitupa na vumbi. Nikakaa sakafuni na koti langu. Maprofesa hawakai sakafuni, lakini kiti hakikuwapo.

Ndipo nikasikia mtu anaimba. Wimbo ule. Wimbo wa marmoti, wa Suusamyr.

Nikavuka ujia. Burulcha yuko juu ya kiti, Namba Kumi na Moja, amefunga kitambaa kichwani, anabandika kadi. Birika linachemka kando. Kumbe kadi unazibandua kwa mvuke! Taratibu, moja moja, hadi gundi ilainike. Miaka karibu arobaini nimekaa na ukuta ule na sikuwahi kufikiria birika. Zote zilikuwapo ukutani kwake, kwa mpangilio uleule wa Saikal, Praha juu kabisa. Ile niliyoichana kaiunga. Meza yangu iko dirishani. Pazia liko dirishani. Hata mashine ya zamani iko pembeni, kalamu zake zimekauka, imefutwa vumbi.

Kasema yupo hapo tangu Jumamosi, mabega hana tena. "Usisimame kama nguzo! Nishikie kiti."

Nikashika kiti. Nikalia. Nalisema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa. Nililia kwa sauti. Burulcha hakugeuka. Kasema: "Lia upesi, chai inapoa."

Tulipokunywa chai nilimuuliza kwa nini alinichimbia shimo na ile makala ya mwaka 1998. Kasema mmoja wetu ilikuwa lazima ashinde, na alijua akishinda yeye chumba kitatutosha wawili. "Ungeshinda wewe, mimi ningekaa wapi?"

Jibu tulilijua wote wawili.

Kisha kaniambia nikaangalie, katika hizo nukuu zangu mia mbili na kumi na tatu, zake ni ngapi. Nimeangalia. Sitini na moja. Miaka thelathini, kila alipoandika, alinitaja. Hata katika makala za konokono, wale anaowachunguza siku hizi! Mimi nimemtaja mara ngapi? Sijawahi. Mpaka mwezi huu, mara nane, zote za kumsema vibaya.

Nilianza kuomba radhi. Akanimiminia chai nyingine. "Nilingoja miaka thelathini unitaje," kasema. "Hata kwa matusi, si haba."

Nimeapa leo kwa jina la Saikal. Hila basi. Hesabu basi. Mimi ni mtu mpya.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku nzuri. Joto limewashwa. Tumefanya kazi kimya asubuhi nzima, yeye na konokono wake, mimi na michoro yangu ya 1984. Alikuta alama ya kidole cha buluu kwenye ukingo wa karatasi. Tulibishana ni kidole cha nani. Tukakubaliana ni cha Saikal.

Mchana Mkurugenzi katangaza kwamba mwakani picha ya profesa aliyenukuliwa zaidi itatundikwa ukumbini, pale kila mtu anapoingilia. Picha moja. Yenye fremu.

Burulcha kasema hajali. Nani asiyejali picha yenye fremu?

Mimi pia sijali. Nilikuwa nawaza tu. Kama mtandao hautofautishi sifa na matusi, basi Burulcha akiyajibu yale makosa yangu manane, moja baada ya moja, itambidi anitaje mara nane. Nimemdokezea. Kasema hana haja ya kujibu, amani ni tamu. Kwa hiyo inabidi achokozwe zaidi. Nimeanza "Makosa Mengine Kumi ya Profesa Burulcha." Safari hii kazi ni nyepesi, maana droo zake ziko karibu na kiti changu. Kila kosa nitaliwekea rejeo kamili, kwa mwaka na ukurasa. Hapo hatavumilia!

Na ili jarida lisicheleweshwe, nimempigia simu Sharshenbek. Nimemwambia nimemkumbuka sana, na si vibaya akija na kondoo. Mkurugenzi pia atakuwapo. Mzee kauliza mara mbili nani atapewa jambash. Nimemtuliza asiwe na wasiwasi, jambo hilo nimeshalifikiria vizuri.

Ni ya Mkurugenzi.